Stima Ilipita Juu ya Paa

Ukitaka kuingia nyumba mpya Merigi leo, hii ndiyo orodha. Kopi ya kitambulisho. PIN ya KRA. Fundi wa waya mwenye leseni, pamoja na cheti chake cha kuonyesha kwamba nyumba haitashika moto siku ya kwanza. Nguzo ya stima iliyo karibu, kama una bahati. Tanki la maji na gata za kulijaza, kwa sababu bomba la kampuni ya maji huenda lisifike kwako. Simu yenye M-Pesa. Halafu kungoja.

Ukiisoma haraka utasema ni mambo ya ofisi tu. Lakini kila kitu kwenye orodha hiyo kina umri wake, na ukikifuata nyuma unakutana na swali moja: nani alionekana anastahili kuwa na mwanga nyumbani, na alidaiwa nini mlangoni ndiyo aupate? Hapa kwetu, kwenye milima ya chai ya Kericho na Bomet, wa kwanza kuwashiwa hakuwa mtu. Ilikuwa mashine.

Kutoka kwa Sultani hadi Nairobi

Tuanze mbali kidogo, pwani. Mkenya akisema stima anamaanisha umeme. Mtanzania akilisikia neno hilo anafikiria meli, na kweli neno lilianza kwa meli za mvuke. Hadithi ya umeme wetu nayo inaanzia baharini. Historia ambayo Kenya Power husimulia inasema Sultani Barghash wa Zanzibar alipata jenereta mwaka 1875, akawasha kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua na kuipeleka Mombasa. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel akapewa haki ya peke yake ya kuuza umeme Nairobi. Kampuni za miji hiyo miwili ziliungana mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting, jina lililodumu hadi 1983 lilipobadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting Company.

Angalia ramani hiyo: kasri, bandari, mji wa reli. Stima ilienda palipokuwa na mtu wa kulipa bili, na mtu huyo alikuwa serikali, tajiri au mzungu. Kampuni ilikuwa ya biashara. Kuvuta waya kilomita nyingi ili uwauzie taa mbili watu wenye ng'ombe watatu hakukuwa na faida, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua.

1934

Kericho, chai ilipanuka kuanzia miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay walipoingia. Sasa, jani la chai halina subira. Likishachumwa linanyaushwa, linasagwa, linaachwa lichachuke, linakaushwa, na ukichelewa limeharibika. Kiwanda kinataka nguvu ya kuzungusha mashine usiku na mchana. Waya wa Nairobi ulikuwa mbali lakini mito ilikuwa hapo hapo, kwa hiyo kampuni zikajitengenezea stima yao wenyewe. Mitambo miwili ya maji ya James Finlay, mmoja wa kilowati 300 na mwingine wa kilowati 400, imeandikwa kuwa ya mwaka 1934.

Mwaka huo huo wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Laibon. Watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, walihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali palipojulikana kwa mbung'o na malaria. Madai yao hayajaisha. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu waliyotendewa watu wa Kericho.

Sisemi jambo moja lilisababisha lingine. Lakini ziweke hizo habari mbili kwenye ukurasa mmoja uone. Milima ile ile, mwaka ule ule: mto unapewa kazi ya kuzungusha kiwanda, na familia nzima nzima zinaondolewa kwao. Walioamua stima iende wapi hawakuwa wanamfikiria mtu aliyelala kando ya mto.

Nyumba inayoenda na kazi

Baada ya mashine, waliofuata kupata mwanga ni wale walioihudumia mashine. Nyumba za mameneja kwanza, kisha, miaka mingi baadaye, baadhi ya nyumba za wafanyakazi. Ukichukua kazi kwenye shamba kubwa la chai ulipewa nyumba, na mahali pengine nyumba hiyo ilikuja na balbu na bomba la maji nje. Wengi tuliozaliwa kempu tunakumbuka hivyo.

Mama yangu alichuma chai miaka 22 kwenye shamba moja kubwa. Jina la kampuni halina haja hapa. Tulikuwa na balbu moja, na bomba tuliloshirikiana na majirani. Sikuwahi kuona bili. Mama pia hakuwahi. Likizo tulienda kwa kogo, nyanya yetu, Merigi, na huko tulisomea koroboi, ile taa ya mkebe yenye utambi, na asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Kwa akili yangu ya utotoni kampuni ilikuwa mahali pa watu walioendelea na nyumbani ilikuwa mahali pa giza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba giza la kogo lilikuwa lake, na mwanga wetu ulikuwa wa mtu mwingine.

Kwa sababu nyumba ya kampuni inaenda na kazi. Kazi ikiisha, unatoa vitu. Mashine za kuchuma chai zilipoingia, kazi zikapungua, na watu wamekasirika vya kutosha. Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa Kericho mchana kweupe. Mama alikuwa ameshaondoka kabla ya hapo. Alirudi Merigi kwenye kipande cha shamba alichokuwa amenunua polepole kwa pesa za sako. Alikuwa na miaka 51, na maishani mwake hakuwa amewahi kulipa bili ya stima hata siku moja. Alikuwa ameishi chini ya balbu miongo miwili bila hata waya mmoja kuwa na jina lake.

Watu wa Nairobi hudhani mtu wa kijijini anaanza maisha ya stima kutoka sifuri, kwa mshangao. Huku kwetu wengi wanaanza upya. Walishaizoea, wakanyang'anywa, sasa wanainunua.

Kilo 2,500

Kwa nini kogo hakuwa na stima, na mito yote hii? Mradi wa serikali wa kupeleka umeme vijijini ulianza mwaka 1973. Ulifuata masoko, makao makuu ya wilaya, viwanda na hospitali. Na hata hospitali, wakati mwingine, zilijitegemea. Si mbali na hapa kuna Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza kama zahanati ndogo. Mwaka 1987 ilipata mtambo wake wa maji wa kilowati 320 kwenye mto Nyangores, ili isiendelee kutegemea jenereta za dizeli. Kilowati 320, karibu sawa na ule mtambo mmoja wa Finlay wa 1934. Miaka 53 katikati, na somo ni lile lile: ukiwa na pesa na mto, usimngoje mtu.

Kisha mwaka 2008 kituo cha Sondu-Miriu kikafunguliwa kule chini kuelekea ziwani, megawati 60. Mto Sondu unakusanya maji ya Kipsonoi, Itare, Kiptiget na mito mingine ya nyanda hizi za chai. Yaani mvua iliyonyesha juu ya mabati yetu iliteremka, ikazungusha mitambo, ikawa stima, ikaingia kwenye waya wa taifa. Sensa ya mwaka uliofuata, 2009, ilikuta chini ya robo ya kaya za Kenya zikitumia umeme kwa mwanga. Kogo hakuwa kwenye robo hiyo.

Waya ulipita. Hilo ndilo watu hawaelewi. Sehemu nyingi za vijijini shida haikuwa kwamba stima haijafika. Ilikuwa inapita juu ya paa, inakwenda sokoni au kiwandani, na wewe uko chini na koroboi yako. Kuushusha hadi mlangoni, kwa miaka mingi kuanzia 2004, bei ilikuwa shilingi 35,000. Hiyo ni kabla ya kumlipa fundi na kununua waya, swichi na balbu.

Ipime kwa kipimo chetu. Kwa miaka mingi ya muongo wa 2010, malipo ya mwezi ya KTDA kwa mkulima mdogo yalikuwa karibu shilingi 14 kwa kilo ya majani mabichi, kisha unangoja bonasi. Kwa bei hiyo, 35,000 ni kilo 2,500. Kilo 2,500 za majani mawili na chipukizi, moja moja, kwa mkono, kabla hujanunua sukari.

Wachumi watatu, Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, walifanya jaribio magharibi mwa Kenya. Walizipa kaya bei tofauti za kuunganishwa, kura ikaamua nani apate bei gani. Kwa bei kamili ya 35,000 karibu hakuna aliyekubali. Ikishuka hadi 15,000, kama robo ya kaya. Ikiwa bure, karibu wote. Watu walisoma matokeo hayo wakasema, aha, watu wa vijijini hawaithamini stima sana. Mimi nasoma hivi: mtu mwenye 15,000 mkononi wakati mmoja ana karo, ana hospitali, ana ndama. Anaitaka stima. Hana tu pesa zote hizo siku moja.

Mwaka 2015 serikali ilizindua mradi wa Last Mile. Bei ikashuka hadi 15,000, nayo ilipwe kwa awamu. Sharti lilikuwa uwe ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Transfoma nyingi zilikuwa zimesimamishwa kando ya shule za msingi, kwa sababu serikali ilikuwa inakimbia kuziwashia shule ule wakati wa ahadi ya laptopu. Kwa hiyo kijiji kikajigawa upya. Shamba lililo karibu na shule, ambalo zamani watu walilikwepa kwa sababu watoto huiba mahindi, ghafla likawa na thamani. Na ukisimama mita 650 kutoka kwa transfoma, unaona taa za jirani vizuri sana.

Kwa nyumba za chumba kimoja au viwili zisizo na waya ndani, mradi ulileta ubao mmoja wenye soketi na mahali pa balbu. Ukutani, pap, una stima. Sensa ya 2019 ilikuta nusu ya kaya za Kenya zikiwa na umeme wa waya. Kutoka chini ya robo hadi nusu kwa miaka kumi ni kazi kubwa, lazima niseme ukweli.

Namba 20

Mlango ukishafunguliwa, swali linakuwa la kila siku: unalipaje?

Bili ya zamani ilikuja mwisho wa mwezi, baada ya kutumia. Kampuni ilikuamini siku thelathini, halafu ikaja na mkasi. Mita ya tokeni inageuza imani hiyo: wewe ndiye unayeiamini kampuni kwanza. Wazo si geni. Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, kampuni za gesi ziliweka kwenye nyumba za wafanyakazi mita za kutumbukiza sarafu ya peni. Peni ikiisha, moto unazima, chakula kikiwa kimeiva nusu. Afrika Kusini, miaka ya 1980, wakazi wa Soweto na vitongoji vingine walisusia kodi na bili za serikali ya ubaguzi wa rangi. Mita ya kulipia kabla ikapata nguvu katika nchi hiyo hiyo. Bili ambayo haijaandikwa haiwezi kususiwa.

Kutoka Afrika Kusini ndiko kulikokuja STS, mfumo unaotoa ile namba ya tarakimu 20. Kenya Power ilianza kuleta mita za tokeni mwaka 2009, miaka miwili baada ya M-Pesa kuzinduliwa, na vitu hivyo viwili vikaoana. Bila M-Pesa, mtu wa Merigi angepanda matatu hadi Bomet mjini kununua stima ya mia moja. Leo anaandika 888880, namba ya mita, kiasi, na ujumbe unaingia.

Namba hizo zina kumbukumbu ndefu kuliko zetu. Saa ya STS ilianza kuhesabu dakika tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ilitosha dakika milioni 16 na kitu. Ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka huo tuliletewa zile namba mbili ndefu za kuingiza kabla ya tokeni yenyewe, na kijiji kizima kikawa kinaitana: njoo unisomee, macho yangu hayaoni. Uamuzi uliofanywa kwa ajili ya nyumba za Afrika Kusini miaka thelathini nyuma ulikuwa umefika kwenye ukuta wa udongo Merigi.

Kuna wanaosema mita ya tokeni ni dharau kwa maskini. Kuna ukweli hapo. Tajiri akisahau, pesa zipo. Maskini akisahau, giza. Lakini muulize mama. Ananunua stima ya shilingi 50, anaiona ikipungua, anajua jioni ya leo ina kiasi gani. Kabla ya hapo wengi walikuwa wamezoea hesabu hiyo kwa njia nyingine: mafuta taa ya kupimiwa kwenye chupa dukani, kisha, kuanzia 2012, sola za M-KOPA za kulipa shilingi 40 au 50 kwa siku. Kununua mwanga kidogo kidogo ni desturi ya zamani. Na mafuta taa yenyewe yalipanda mwaka 2018 serikali ilipoongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita.

Kwa anayeingia nyumba yake ya kwanza, hapa pana kitu cha kushika. Tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ya nyumbani ni ya anayetumia hadi yuniti 30 kwa mwezi. Zamani kikomo kilikuwa 100. Balbu nne za wati 9, saa tano kila jioni, hula yuniti 5 na kidogo kwa mwezi. Televisheni ya wati 50 kwa saa tano, yuniti 7 na nusu. Pasi ya wati 1,000 inakula yuniti nzima kwa saa moja. Ukileta friji, sahau yuniti 30. Bei hiyo ilikusudiwa nyumba yenye mwanga, simu na habari ya saa moja. Serikali imeamua maskini anahitaji kiasi gani, na imekipunguza kutoka 100.

Maji, na jina

Nilidhani mama angeona uchungu wa stima kuliko vyote. Kumbe ni maji. Koroboi alishaijua tangu utotoni, lakini bomba alikuwa amelizoea miaka 22. Merigi ni punda na mitungi ya lita 20, ni chemchemi, ni mvua. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na ya kutosha. Mpaka haki hiyo ifike, kuna gata. Pesa za kwanza za nyumba yake ziliingia kwenye tanki, stima ikafuata. Alisema giza halina foleni.

Siku fundi alipokuja kumalizia waya, kulikuwa na fomu. Akauliza, "Mama, tuandike jina la kijana wako mkubwa? Ndiyo baadaye isilete maneno." Hakuwa na ubaya. Huku kwetu shamba limefuata wanaume muda mrefu, na stima hufuata shamba. Mita nyingi hapa bado zina majina ya wazee waliokwisha kuzikwa.

Mama akamwuliza, "Kijana wangu, nani atakuwa analipa?"

"Ni wewe, mama."

"Basi umeshajua la kuandika."

Mita yake iko juu ya nguzo, na ndani kuna kile kibonyezo cha kuingizia namba. Nguzo ni ya mkaratusi, mti ule ule kampuni za chai walipanda ekari kwa ekari ili wakaushie majani.

Ukinunua tokeni, usifute ujumbe kabla hujausoma wote. Kuna bei ya yuniti, kuna gharama ya mafuta, kuna VAT ya asilimia 16. Kuna pia mstari mfupi ulioandikwa REP. Hiyo ni asilimia 5 ya gharama ya nishati, inakatwa kwa ajili ya kupeleka umeme vijijini. Watu hulalamika juu ya makato hayo, na ni haki yao kuuliza pesa zinaenda wapi. Mama aliponiuliza ule mstari ni wa nini, nikamweleza. Akafikiri kidogo, akaniuliza kama kule juu, kwa yule mama aliye nyuma ya mita 600, wameshaweka nguzo. Nikamwambia bado. Akasema basi waambiwe waende wakaiweke, kwa sababu yeye ameshalipa.